Longyearbyen hadi Qaanaaq: Kilomita 1,800, Siku Ngapi?

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa jiografia na wa usafiri wa anga, na nyinyi wasafiri mliokuja kwa sababu zenu wenyewe, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo sisi tunaopanga safari za ndege tunaulizwa kila kukicha: kutoka uwanja huu mpaka uwanja ule ni kilomita ngapi, na ni mwendo wa saa ngapi? Mtu akiuliza hivyo kuhusu London na New York, hana shida. Ndege zipo asubuhi, mchana na usiku, na jibu la kikokotoo chochote cha mtandaoni halitamwangusha. Shida inaanza pale viwanja vyote viwili vinapokuwa pembezoni mwa dunia: kisiwa katikati ya bahari kuu, kijiji cha kwenye barafu, bonde lililobanwa na milima. Kikokotoo hakijui tofauti. Kinajibu kwa ujasiri uleule. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba jibu lake la kilomita karibu kila mara huwa sahihi, ila jibu lake la saa ni la safari ambayo mara nyingi haipo.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Longyearbyen ni mji wa visiwa vya Svalbard, Norway, nyuzi 78 kaskazini ya ikweta. Uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1975, na njia yake ya kurukia imejengwa juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima. Qaanaaq ni mji mdogo wa kaskazini-magharibi ya Greenland, nyuzi 77 na nusu hivi. Yaani viko karibu kwenye mstari mmoja wa latitudo, kimoja mashariki, kingine magharibi, na katikati yake kuna bahari yenye barafu na kaskazini yote ya Greenland.

Ukiingiza majina hayo mawili kwenye kikokotoo utapata kilomita 1,800 na ushei, na muda wa saa 2 na dakika 45 au hapo karibu. Hizo kilomita zinatoka wapi?

Chukua ramani ya ukutani, weka rula kati ya miji hiyo miwili, uchore mstari kuelekea magharibi. Ukiufuata mstari huo kwenye dunia halisi utasafiri karibu kilomita 2,000. Sasa chukua tufe la darasani, shika uzi, bana ncha moja Longyearbyen na nyingine Qaanaaq, kisha uvute mpaka ukaze. Uzi hautakaa kwenye mstari wa latitudo. Utapanda kaskazini, upite karibu nyuzi 81, ukikata juu ya Greenland, ndipo uteremke. Njia hiyo ya uzi ndiyo kilomita 1,800. Wanahisabati wanaiita duara kuu, kwa sababu ukiiendeleza kuzunguka dunia yote itaigawa katikati kabisa. Ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe, na kila kikokotoo cha umbali wa ndege kinaihesabu hiyo.

Walimu mtanisaidia hapa, maana vijana wengi hutishwa na kanuni yenye sine na kosine na kuiacha. Wakumbuke mambo mawili tu. La kwanza, nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111 popote ulipo. La pili, nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 111 kwenye ikweta peke yake. Ukifika nyuzi 60 imebaki kama kilomita 56, na kule Longyearbyen kwenye nyuzi 78 imebaki 23. Ndiyo maana ramani bapa inadanganya zaidi kadiri unavyokaribia ncha. Ramani ileile inayoonyesha Greenland ikilingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara kumi na nne, haiwezi kukupa njia ya ndege ya kaskazini ya mbali.

Maili ya baharini, ambayo marubani na mabaharia wanaitumia mpaka leo, inatokana na hesabu hiyohiyo: gawa nyuzi moja ya latitudo kwa 60, unapata takriban mita 1,852. Mtu mwenye ramani nzuri na bikari anaweza kupima umbali pembeni mwa ramani bila kikokotoo.

Wapo wanaobishana kwamba dunia si tufe kamili. Kweli, imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kama kilomita 6,378, na kwenye ncha ni 6,357. Ukiihesabu kama tufe kamili unaweza kukosea kwa takriban nusu ya asilimia moja. Kwa safari yetu hiyo ni kilomita tisa kwa wingi wake, ambazo jeti inazimaliza chini ya dakika moja. Tusipoteze muda hapo.

Mahali pa kupoteza muda ni kwenye majina. Kuna visiwa viwili vinavyoitwa kwa Kiingereza Christmas Island. Kimoja ni Kiritimati, sehemu ya Kiribati, katikati ya Pasifiki. Uwanja wake una alama ya CXI. Kingine ni cha Australia, Bahari ya Hindi, kusini mwa Java. Alama yake ni XCH. Kati ya viwili hivyo kuna karibu kilomita 10,800, zaidi ya robo ya mzunguko wa dunia. Anayeandika jina bila kutazama alama anaweza kupata jibu lisilohusiana kabisa na safari yake, na halitamshtua, kwa sababu vyote viwili ni visiwa vya mbali na namba yoyote kubwa inaonekana ya kweli. Hali kadhalika ishara ya mashariki na magharibi kwenye longitudo. Kosa la alama moja ya kutoa linaweza kukihamisha kisiwa kutoka bahari moja hadi nyingine. Viwanja vingine vidogo havina kabisa zile herufi tatu za kwenye tiketi. Vina herufi nne za marubani, au havina chochote. Kwa hiyo kabla ya kuamini kilomita, tazama nukta imewekwa wapi kwenye ramani.

Hayo ni ya umbali. Sasa saa.

Kikokotoo kinapata muda kwa njia nyepesi: kinachukua kilomita, kinazigawa kwa mwendo wa jeti kubwa, tuseme 800 au 850 kwa saa, kisha kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa safari ndefu kati ya miji mikubwa si mbaya. Lakini inachukulia kwamba jeti kubwa inaweza kutua kwenye ncha zote mbili za safari. Qaanaaq ina njia ya kurukia ya changarawe yenye urefu wa mita 900. Jeti ya abiria ya kawaida haitui hapo. Inayotua ni ndege ya rafadha, kama Dash 8, ambayo mwendo wake ni kilomita 500 hivi kwa saa. Kwa hiyo hata tajiri angekodi ndege kutoka Longyearbyen moja kwa moja, zile saa mbili na dakika arubaini na tano zinakuwa karibu saa nne, na kwa umbali huo, ukijumlisha akiba ya mafuta, ndege ya aina hiyo inabaki na ukingo mwembamba.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Antaktika. Kutoka Christchurch, New Zealand, mpaka kituo cha Marekani cha McMurdo ni kama kilomita 3,800. Ndege ya mizigo ya jeti, C-17, inakwenda kwa takriban saa tano. Ndege ya rafadha yenye miguu ya kuteleza juu ya theluji, LC-130, inachukua takriban saa nane. Uwanja uleule wa kuondokea, umbali uleule, na tofauti ya saa tatu. Ukiulizwa "ni saa ngapi mpaka McMurdo?" huwezi kujibu mpaka ujue ndege gani inaondoka siku hiyo.

Na kule McMurdo wana neno ambalo wasafiri wote wanalijua: bumerang. Ndege inaondoka Christchurch, inaruka saa kadhaa kuelekea kusini, taarifa ya hali ya hewa inabadilika, inageuka, na abiria wanatua palepale walipotoka. Wamekaa angani siku nzima na umbali waliosogea ni sifuri. Kwa mtu aliyezoea vikokotoo jambo hili ni kituko, lakini lina hesabu yake.

Tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye moyo wa kazi yetu.

Chukua njia ya kilomita 3,600 juu ya bahari tupu. Ndege inasukuma hewa kwa kilomita 800 kwa saa. Siku hiyo kuna upepo wa usoni wa kilomita 100 kwa saa. Juu ya ardhi, basi, ndege inasogea kilomita 700 kwa saa, na safari ya kwenda inachukua saa 5 na dakika 9. Kurudi, upepo uleule unasukuma kwa nyuma, mwendo ni 900, saa 4 kamili. Jumla saa 9 na dakika 9. Bila upepo ingekuwa saa 9. Watu hudhani upepo wa kwenda na kurudi unafutana. Haufutani, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya upepo mzuri. Mto wa upepo wa juu, ule unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Februari 2020 ndege ya abiria iliruka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56 kwa kubebwa na upepo huo wakati wa dhoruba. Waliokuwa wakienda upande wa pili usiku ule hawakusherehekea.

Sasa, katika safari hiyohiyo ya kilomita 3,600, injini moja inaleta matatizo. Unarudi au unaendelea? Akili ya haraka inasema: kama hujafika nusu, rudi, kama umepita nusu, endelea. Upepo unakataa. Kurudi ni 900 kwa saa, kuendelea ni 700. Mahali ambapo muda wa kurudi unalingana na muda wa kuendelea ni kilomita 2,025 kutoka ulikoondokea: 2,025 gawanya kwa 900 ni saa 2 na robo, na zilizobaki 1,575 gawanya kwa 700 ni saa 2 na robo vilevile. Yaani ukiwa umeshapita nusu kwa zaidi ya kilomita 200, bado nyumbani ni karibu zaidi kwa saa, ingawa ni mbali zaidi kwa kilomita. Rubani anakuwa na nukta hiyo kwenye karatasi zake kabla ya kupanda ngazi. Kasi za kweli zitakuwa chini kidogo, na nukta yenyewe itasogea kidogo, kwa sababu ndege yenye injini mbovu inakwenda polepole, lakini mantiki ni hiyo.

Kuna nukta nyingine, ya mafuta: ile ambayo ukishaipita huna tena mafuta ya kurudi. Kwenye viwanja vya kawaida abiria hana haja ya kuisikia, kwa sababu rubani ana kiwanja cha akiba jirani. Ukikuta ukungu unahamia mji wa pili. Kwenye kisiwa kilichojitenga hakuna mji wa pili. Uwanja wa Mataveri, katika Kisiwa cha Pasaka, uko karibu kilomita 3,750 kutoka Santiago, Chile. Njia yake ya kurukia ni ndefu, zaidi ya mita 3,300. Ilirefushwa miaka ya 1980 kwa msaada wa NASA ili vyombo vya anga za juu viweze kutua hapo kwa dharura. Lakini urefu wa njia hausaidii kama kuna ndege nyingine imekwama katikati yake. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinaruhusu ndege ya jeti kwenda kwenye kiwanja kilichojitenga bila kiwanja cha akiba, kwa masharti, na moja ni kubeba mafuta ya kutosha kukaa hewani kwa saa mbili juu ya hapo uendapo. Mafuta hayo ni mzigo. Mzigo unapunguza abiria au mizigo mingine, na unapunguza umbali.

Hili liliwakuta watu wa St Helena waziwazi. Kisiwa kile cha Atlantiki ya Kusini kilitegemea meli ya Cape Town, mwendo wa siku tano. Wakajengewa uwanja juu ya mwamba, na mwaka 2016, ulipokuwa tayari kufunguliwa, ndege za majaribio zikakuta upepo unaogeuka ghafla karibu na ncha moja ya njia ya kurukia. Ndege za abiria za ratiba zilianza tarehe 14 Oktoba 2017, na zilianza na ndege ndogo kuliko iliyokusudiwa, kukiwa na viti vilivyoachwa vitupu kwa makusudi ili uzito ushuke, mara moja kwa wiki. Kutoka St Helena mpaka Kisiwa cha Ascension, ambacho nacho kiko peke yake baharini, ni kilomita 1,300 hivi, kama saa mbili za jeti. Ukikosa ndege, swali lako si la saa mbili tena. Ni la lini nyingine inakuja, na ya Ascension huja kwa nadra kuliko ile ya Johannesburg.

Nitapita haraka kwenye kanuni ya injini mbili. Ndege yenye injini mbili lazima muda wote iwe ndani ya dakika kadhaa za kiwanja inachoweza kukimbilia kwa injini moja. Zamani zilikuwa dakika 60. Kuanzia 1985 zikaruhusiwa 120, na leo baadhi ya ndege zinaruhusiwa zaidi ya 300. Popote mduara wa dakika hizo kuzunguka kiwanja usipofika, njia inajipinda, na ile kilomita ya uzi kwenye tufe inaongezeka. Ndivyo ilivyo hasa kusini mwa dunia, ambako bahari ni pana na viwanja ni vichache.

Turudi Longyearbyen, maana tuna abiria wetu amesimama pale na begi, na hakuna tajiri wa kumkodia ndege.

Kutoka Longyearbyen ndege za ratiba zinakwenda Norway bara: Tromsø na Oslo. Haziendi Greenland. Kwa hiyo mtu anayetaka kwenda magharibi anaanza kwa kwenda kusini, kilomita 2,000 mpaka Oslo. Oslo hadi Copenhagen, 500. Copenhagen hadi Nuuk, 3,500 na ushei. Hapa kuna nafuu, kwa sababu Nuuk ilifunguliwa njia mpya ya mita 2,200 mwezi Novemba 2024, na ndege kubwa sasa zinatua mji mkuu wenyewe badala ya kushusha watu Kangerlussuaq. Nuuk hadi Ilulissat, kama 560. Ilulissat hadi Qaanaaq, kama 1,100, kwa kawaida kwa kupitia Upernavik. Jumlisha: zaidi ya kilomita 7,500, mara nne ya ule uzi wetu.

Kilomita hizo zote ukizigawa kwa mwendo wa ndege utapata saa kumi na kitu za kuwa hewani. Bado si jibu. Ndege ya kipande cha mwisho hairuki kila siku. Ukifika Ilulissat siku moja baada ya ndege hiyo kuondoka, unasubiri inayofuata. Na inayofuata ikikuta theluji inapepea Qaanaaq, unasubiri zaidi, ukiwa kwenye foleni na waliokuwa wamesubiri kabla yako. Mtu makini anaitengea safari hii siku nne au tano, na hapangi harusi siku ya sita.

Hilo ndilo jambo la viwanja viwili vya pembezoni. Kiwanja kimoja cha mbali kinaunganishwa na mji wake mkubwa, na kiwanja kingine cha mbali kinaunganishwa na mji wake mkubwa, na miji hiyo mikubwa hujengwa kwa kufuata serikali, biashara na historia, wala haikuulizana na tufe la darasani. Svalbard inaitazama Oslo. Greenland inaitazama Copenhagen. Majirani wawili wa barafuni wanapeana mikono kwa kupitia Ulaya.

Hata ndani ya nchi moja ni hivyohivyo. Nepal ina Lukla, mlango wa wapanda Everest, na Jomsom, upande wa magharibi. Kati yake ni kama kilomita 320, saa moja na kidogo kwa ndege ndogo ya Twin Otter. Lukla ina njia ya kurukia ya mita 527 iliyoinama kama kilima, na ndege huruka asubuhi kabla mawingu hayajaziba bonde. Jomsom ndege huruka asubuhi pia, kwa sababu kuanzia kama saa tano upepo wa bonde la Kali Gandaki unaamka na kuvuma mpaka jioni. Asubuhi mbili haziingii ndani ya siku moja. Unatoka Lukla asubuhi, unapita Kathmandu, unalala Pokhara, unapanda ya Jomsom kesho yake. Na katika msimu wa wageni wengi, ndege za Lukla huhamishiwa Ramechhap, saa nne au tano za barabara kutoka Kathmandu, basi ongeza gari juu ya hesabu.

Wakati mwingine ndege ipo, na ni moja, lakini inasimamasimama. Katika Pasifiki kuna njia maarufu inayotoka Honolulu hadi Guam kwa kutua Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei na Chuuk. Honolulu hadi Guam bila kusimama ni kama kilomita 6,100, saa nane hivi. Kwa kurukia visiwani ni zaidi ya saa 14. Kwa mtu wa Kosrae anayekwenda Chuuk, njia hiyo ni uhai, na hatajali vituo. Na kwa upande wa pili wa kipimo, kuna safari ya ratiba kule Orkney, Scotland, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7, chini ya dakika mbili upepo ukiwa mzuri. Kikokotoo chenye kanuni ya kuongeza nusu saa kinaiita safari ya nusu saa. Hapo nacho kimekosea, kwa mara ya kwanza upande wa ukarimu.

La saa za ukutani nitalisema mara moja, maana linawaponza hata wazoefu. Tiketi huandika saa za mahali ndege inapoondokea na saa za mahali inapotua. Honolulu na Kiritimati ziko karibu kwenye longitudo moja, kilomita 2,150 kutoka kaskazini hadi kusini. Lakini mwaka 1995 ulipoanza, Kiribati ilikuwa imeamua visiwa vyake vyote vihesabu tarehe moja, ikausogeza mstari wa tarehe. Leo saa ya Honolulu na saa ya Kiritimati zinasoma sawasawa, ila tarehe zinapishana siku moja nzima. Unaondoka Honolulu Jumanne saa sita mchana, unaruka saa tatu, unatua Jumatano saa tisa alasiri. Ukirudi Jumatano hiyohiyo jioni, utafika Jumanne. Anayetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ili apate muda wa safari atapata saa 27 upande mmoja, na upande wa pili atapata namba ya kuchekesha.

Mipango si matumizi, wahenga walisema, na kwenye viwanja hivi usemi huo ungebandikwa ukutani. Basi anayepanga safari ya namna hii afanyeje? Kilomita azichukue kwenye kikokotoo, akiisha kuhakikisha nukta zote mbili ziko mahali pake. Halafu aweke kando ule muda kiliompa. Aulize ni ndege ya aina gani inatua mwisho wa mwisho wa safari, na inaruka siku zipi za wiki. Apange kuanzia kipande hicho cha mwisho kurudi nyuma, kwa sababu ndicho chenye nafasi chache. Aulize msimu huo hufungwa mara ngapi na hali ya hewa. Kama tiketi zake ni za mashirika mawili tofauti, ajue kwamba shirika la pili halina deni naye likimwacha, basi alale usiku mmoja katikati hata kama ratiba inaonyesha zinakutana. Na dawa, nyaraka na nguo ya kubadilisha viwe kwenye begi la mkononi, maana ndege ndogo ikizidiwa uzito mizigo ndiyo hushushwa kwanza. Ushauri huu wa mwisho hauko kwenye kanuni yoyote, lakini muulize yeyote aliyewahi kusubiri ndege kisiwani.

Kabla sijakaa, kuna kijana ameniletea kikaratasi: "Je, St Helena hadi Tristan da Cunha ni saa ngapi kwa ndege? Kikokotoo kimesema saa tatu na nusu." Nakushukuru kwa swali hili. Umbali ni sahihi, takriban kilomita 2,400, na hesabu yake ya saa haina kosa la kugawanya. Tatizo ni kwamba Tristan da Cunha haina uwanja wa ndege. Kikokotoo kimepewa nukta mbili kikapima kati yake. Kutoka St Helena itakubidi upande ndege ya wiki hadi Johannesburg, ushuke Cape Town, usubiri meli, ambazo kwa mwaka ni chache, kisha ukae baharini karibu wiki moja kwa kilomita 2,800. Ukifika, meli inatia nanga nje, kwa sababu bandari yao ni ndogo na mawimbi ya pale ni makubwa, na kushuka ni mpaka bahari iruhusu. Hutokea watu wakakiona kisiwa kwa macho siku kadhaa kabla ya kukikanyaga.

Ndugu mwenyekiti, naomba nipokee maswali mengine.